Asilimia 35 Haipandi Ngazi

Mwaka 2023 vyama viwili vikubwa vya afya ya moyo nchini Marekani vilitoa tamko lenye upole kupita kiasi. Kuna wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kazi ingawa kwenye eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, unaonekana kusukuma damu vizuri tu. Tamko lilisema ushahidi upo kwamba mazoezi yanayosimamiwa na wataalamu huwasaidia watu hao, kwa hiyo bima ifikirie kuwalipia. Ifikirie! Tangu Februari 2014 Medicare, bima ya serikali inayohudumia zaidi wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, imekuwa na sharti la kulipia mazoezi hayo kwa mwenye moyo ulioshindwa: chumba cha chini cha kushoto kiwe kinasukuma asilimia 35 au pungufu ya damu iliyomo katika kila pigo. Mwenye 36 arudi nyumbani. Mwenye 60, ambaye hamalizi ngazi kumi bila kushika ukuta, naye arudi nyumbani. Uamuzi huu ni mbovu, na ubovu wake umeanzia kwenye kile kilichochaguliwa kupimwa.

Watetezi wake wana lao la kusema. Fedha za umma zina mwisho, na lazima mpaka uwekwe mahali. Isitoshe, utafiti mkubwa uliokuwapo wakati huo, HF-ACTION, uliotoa matokeo mwaka 2009 kwa wagonjwa 2,331, uliwachukua wenye asilimia 35 kushuka chini. Haya, tukubali. Ila kigezo cha kuingia kwenye utafiti kiligeuzwa kuwa kigezo cha kustahili tiba. Wenye moyo unaosukuma vizuri, ambao ni karibu nusu ya wagonjwa wote wa moyo kushindwa, hawakujaribiwa wakaonekana hawafaidiki. Hawakuitwa kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni namba yenyewe. Eko hupimwa mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto, ametulia, pengine anapiga soga na anayempima. Kinachomtesa hakitokei pale kitandani. Kinatokea akibeba ndoo, akitandika kitanda, akipanda kwenda ghorofa ya kwanza. Mwaka 1981 mtafiti Joseph Franciosa na wenzake walilinganisha vipimo vya moyo uliopumzika na uwezo wa wagonjwa kufanya mazoezi, wakakuta haviendani. Yaani miaka 33 kabla ya Medicare kuchora mstari wake, ilikwishajulikana kwamba namba hiyo haisemi nani ataweza kutembea na nani atashindwa.

Ukitaka kujua pumzi inaishia wapi, tazama misuli ya kupumulia, hasa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mapafu yaliyojaa maji ni mazito kutanuka, hivyo kiwambo hufanya kazi ya ziada usiku na mchana, tena kwa damu isiyotosha. Hata kwa mtu mwenye afya njema aliyefikia ukomo wa mazoezi, misuli ya kupumua huchukua hadi asilimia 15 hivi ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa mwenye moyo dhaifu, msuli huo ukianza kuchoka mwili hubana mishipa ya miguu ili damu ibaki kwenye kupumua. Miguu inakuwa mizito, mgonjwa anasema ni uzee.

Kupima nguvu ya misuli hiyo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mgonjwa anakaa, anabanwa pua, anatoa hewa mpaka iishe, kisha anavuta kwa nguvu zake zote kupitia kipande cha mdomoni kilichozibwa. Geji inasoma mvuto. Akiwa chini ya asilimia 70 ya kinachotarajiwa kwa umri na jinsia yake, kwa kawaida huhesabiwa kuwa misuli imelegea. Mwaka 2001 utafiti wa Ujerumani ulionesha kwamba nguvu hiyo ya kuvuta hewa inabashiri hata uhai wa mgonjwa. Katika sharti la Medicare haimo hata kwa kudokezwa.

Na misuli iliyolegea hukazwa. Huko Porto Alegre, Brazil, wagonjwa 32 wenye udhaifu huo walivuta hewa kupitia kifaa kidogo nusu saa kila siku kwa wiki 12. Baadhi kikiwa na ukinzani, wengine bila. Matokeo ya 2006: waliopewa ukinzani waliongeza nguvu ya kuvuta hewa zaidi ya maradufu, na umbali wa kutembea kwa dakika sita kwa asilimia 19. Ni watu wachache, kweli, na hakuna aliyethibitisha kuwa kifaa hicho kinarefusha maisha. Lakini mgonjwa anayeomba kufika sokoni kwa miguu yake hajaomba uthibitisho huo.

Medicare pia inamtaka mgonjwa akae wiki sita bila kulazwa kabla ya kustahili. Utafiti wa REHAB-HF wa 2021 ulianza mazoezi na wazee 349 wakiwa bado wodini, zaidi ya nusu yao wakiwa na moyo unaosukuma vizuri, na uwezo wao wa mwili ukapanda. Sharti linawazuia hao hao.

Afrika Mashariki isidhani hili ni la Wamarekani. Utafiti wa THESUS-HF wa 2012 ulikusanya wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi tisa, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri wa kuwa shambani na kazini, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Wastani wa asilimia ya damu waliyosukuma: 39.5. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, Kenya ikaanza mfumo mpya mwaka uliofuata. Wanaopanga vitita vya mafao wakiiga mstari wa Medicare, mgonjwa huyo wa wastani ataachwa nje kwa pointi nne na nusu.