Programu nazo zijue kukataa

Wako wasanifu wa programu za kompyuta wanaoamini kwamba ukarimu ndiyo sifa ya kwanza ya kazi yao: programu ikipokea agizo isilolielewa, ilipuuze na kuendelea, ili mwombaji asisumbuliwe. Imani hiyo ni ya makosa, na gharama yake hulipwa na watu wasioshirikishwa katika kuamua.

Yafaa ieleweke kwamba hakuna programu ifanyayo kazi peke yake. Kila moja huomba huduma kwa nyingine kwa miito iliyokwisha kuwekwa, kama vile shule inavyoomba vitabu wilayani kwa fomu maalumu. Mwito ukishatangazwa, programu nyingi huutegemea, na kuubadilisha ni kuzivunja zote.

Mfano ulio wazi ni Linux, mfumo ulioanza mwaka 1991 na ambao kiini chake huendesha simu za Android zilizomo mifukoni mwa walimu na watumishi wengi wa Afrika Mashariki. Wasimamizi wake wamejiwekea sharti kwamba programu iliyofanya kazi jana isivunjwe na kiini kipya. Sharti hilo ni jema, lakini huyahifadhi makosa pia. Mwaka 2005 uliongezwa mwito wa kufuatilia mabadiliko ya mafaili, inotify_init, usio na nafasi hata moja ya maelezo. Miaka mitatu tu baadaye nafasi ilihitajika, ikabidi uundwe mwito wa pili, inotify_init1. Mwaka huo huo wa 2008 pipe ilipata pipe2, na dup2 ikapata dup3.

Hayo ni madogo. Mwito wa kufungua faili, open, una nafasi ya maagizo, ila hulipuuza kimya kimya agizo usilolijua. Yamkini programu za zamani hutuma alama zisizo na maana bila kujua, kwa hiyo alama hizo haziwezi kupewa maana mpya pasipo kuzidhuru. Baya zaidi, programu inayotaka faili lifunguliwe kwa sharti jipya la usalama, tuseme lisitafutwe nje ya kabati fulani la mafaili, haiwezi kujua kama sharti limetiiwa au limetupwa. Faili hufunguliwa vivyo hivyo. Mlinzi aitikiaye "ndiyo" kwa amri asiyoielewa analinda nini?

Marekebisho yalikuja mwaka 2020 katika Linux 5.6, kwa mwito wa openat2. Hapo mwombaji huleta fomu na kutaja ukubwa wake. Fomu ya zamani ikifika katika ofisi mpya, visanduku vinavyokosekana huhesabiwa kuwa vitupu. Fomu mpya ikifika katika ofisi ya zamani, visanduku vya ziada hukaguliwa: vikiwa vitupu, fomu hupokelewa; kimoja kikiwa kimejazwa, fomu hurudishwa. Karani yeyote wa masjala angeuelewa utaratibu huo bila kufundishwa, na inashangaza kwamba mwito wa kufungua faili uliusubiri kwa miaka mingi hivyo.

Watakuwapo watakaosema kwamba kurudisha maombi ni urasimu. La hasha. Urasimu ni kurudisha fomu bila kutaja sababu. Mwito huu mpya hutoa kosa moja kwa fomu iliyojazwa kupita ukubwa unaofahamika, na kosa jingine kwa agizo lisilojulikana. Mwombaji hujua palipokwama, naye huamua kurudi kwenye utaratibu wa zamani au kuacha kabisa kulifungua faili.