Msiwapokonye Vijana Fumbo Lao

Imekuwa ada katika shule zetu nyingi kwamba hadithi ya Kiswahili ikiwa na maiti katika sura ya kwanza na mpelelezi katika sura ya pili, basi huhesabiwa kuwa porojo. Mwanafunzi akikutwa nayo chini ya deski hunyang'anywa. Kisha mwalimu yule yule husimama mbele ya wenzake akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Sisi twasema kwamba vijana walikuwa wakisoma, na walichokuwa wakisoma tumekifungia kabatini.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa hata asipofungua kitabu, lugha humfuata sokoni na chomboni. Wengi wa wanafunzi wetu huiacha lugha mlangoni mwa darasa kengele inapolia. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twaushukuru uamuzi huo. Lakini amri yaweza kumketisha mtoto kwenye benchi, haiwezi kumfanya afunue ukurasa unaofuata. Ukurasa hufunuliwa na hamu ya kujua: ni nani aliyeua, na kwa nini? Hamu hiyo ndiyo wahakiki waiitayo taharuki, na hatujaona kifaa cha kufundishia kinachoishinda.

Wapinzani wetu wana hoja tatu, na zote zastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba riwaya hizi ni nyepesi, hazina faida ya lugha. Na watazame basi jinsi mpelelezi anavyofikiri: "Kama mwizi angaliingia dirishani, vumbi la kizingitini lingalipanguka." Hiyo ni -ngali-, ambayo sisi huiandika ubaoni muhula mzima na wanafunzi wakaisahau kabla ya likizo. Katika hadithi ya upelelezi mwanafunzi huihitaji, kwa kuwa bila ya kuielewa hamjui mshukiwa aliyetoka hatiani. Na ngeli je? Mwandishi akisema kwamba gizani "kilianguka" kitu sakafuni, msomaji aliyeshika ngeli zake anajua kwamba huenda ni kisu au kikombe. Bastola ingekuwa "ilianguka". Hapo upatanisho wa kisarufi umegeuka ushahidi. Tena Kiswahili kina siri ambayo Kiingereza hakina. Tukisema "aliingia, akamwua, akatoka", hakuna ajuaye kama muuaji ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza sharti ahangaike kulificha hilo, ilhali wetu amezaliwa nalo mdomoni. Nani basi athubutu kusema kwamba lugha hii haikuumbiwa fumbo?

Hoja ya pili ni kwamba hadithi hizi ni za kuiga Wazungu. Ni kweli kwamba Muhammed Said Abdulla wa Unguja, alipomwumba Bwana Msa na kiko chake, alimtazama Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini kufumba na kufumbua hakukuja kwa meli. Mswahili husema "Kitendawili!", wenziwe wakajibu "Tega!", na ashindwaye hutoa mji. Waganda nao hufunguliana vitendawili kwa "koyi koyi". Waswahili walikwisha kutuambia: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Riwaya ya upelelezi ni kitendawili kilichorefushwa, na kijana wetu alikwisha kukionja kwa bibi yake kabla hajakiona kitabuni.

Hoja ya tatu ni kwamba vitabu hivi hufundisha uhalifu. Twaomba wasemao hivyo wakisome Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, kikachapishwa mwaka 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, mahali ambapo hofu ya watu ingetosha kulifunga jambo lisiulizwe tena. Bwana Msa hakubali. Huuliza, hupima, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, hata akamfikia mkosaji aliye mtu kama sisi. Je, hilo ni somo la uhalifu, au ni somo la kutokukubali jambo mpaka lithibitike? Nchi zetu zina haja ya vijana wa namna hiyo.

Hatusemi kwamba kila kitabu chenye damu kinafaa. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa waliandikiwa watu wazima, na mwalimu hana budi kusoma kwanza ndipo achague. Kuchagua ni kazi ya mwalimu. Kupiga marufuku bila ya kusoma ni uvivu uliovaa joho la maadili.

Lakini adui mkubwa wa riwaya hizi hatoki nje ya darasa. Ni ule muhtasari unaosomwa kwa imla siku ya kwanza, kabla kitabu hakijafunguliwa: wahusika, maudhui, na mwisho wa hadithi, jina la muuaji likiwa limepigiwa mstari. Afanyaye hivyo amemwua Bwana Msa kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi hukariri jina, hulijibu katika mtihani, na kitabu hakigusi tena.

Kwa hiyo twawataka walimu wenzetu mambo matatu. La kwanza, mtu yeyote asitaje mwisho wa hadithi mbele ya darasa ambalo halijaufikia. La pili, shule yenye nakala moja tu isingoje nyingine: mwalimu na asome kwa sauti sura moja kwa juma, anyamaze pale pale penye taharuki, kila mwanafunzi aandike anamshuku nani na kwa ushahidi gani. Insha hiyo haitahitaji kiboko. La tatu, wenzetu waandishi wa hapa na watuandikie hadithi za upelelezi kwa ajili ya vijana wenye umri wa miaka kumi na minne, katika Kiswahili sanifu, zenye mitaa ya Kampala na Gulu na forodha ya Malaba. Mashaka ya mpakani yatosha kujaza rafu nzima.

Wanaotaka fasihi nzito wasitutenge. Nasi twaitaka. Ila hakuna afikaye kwenye kitabu kizito asiyepitia kwanza kitabu kilichomkesha. Makabati na yafunguliwe.