Mashine Yaona Waraka, Nani Atausoma?

Mimi sina ugomvi na kompyuta. Nalitanguliza hili kwa sababu mtu wa rika langu akifungua kinywa juu ya mambo mapya huambiwa papo hapo kuwa ana husuda na vijana, na leo sitaki nisomwe kwa jicho hilo. Siku chache zilizopita nilialikwa katika jumba moja la makumbusho hapa pwani, ambalo jina lake naliacha, nikaone jinsi vijana wanavyopiga picha vyuo vya zamani na kuvitia katika kompyuta. Nilidhani nitakaa nusu saa. Niliondoshwa na adhana ya Alasiri.

Kazi yenyewe ni ya adabu na subira. Chuo hulazwa juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usilazimishwe kufunguka kupita uwezo wake. Kamera hutundikwa juu ikitazama chini, taa huwekwa ubavuni, na kando ya ukurasa huwekwa rula na kipande cha rangi ili mtazamaji aliye mbali ajue ukubwa wa karatasi na rangi ya wino ilivyo hasa. Kila ukurasa hupigwa peke yake, hupewa nambari, kisha hufanywa nakala nzito ya kuhifadhiwa na nakala nyepesi ya kutazamwa. Msichana mmoja kati yao alikuwa akifunua kurasa zilizotobolewa na wadudu kwa mkono mwepesi mno, hata nikamkumbuka marehemu mwalimu wangu wa chuoni, ambaye kwa ukurasa kukunjwa pembe tu alikuwa akitutia bakora. Ajuaye jinsi panya, mchwa na unyevu wa bahari ulivyotumalizia vitabu majumbani mwetu hana budi kuwaombea dua vijana hawa.

Nikaomba nioneshwe kazi iliyokwisha. Kijana akanifungulia chuo kimoja katika kioo cha kompyuta, na ukurasa wa kwanza ulionitokea ulikuwa ni wa mwisho. Walikihesabu kutoka kushoto, kama kitabu cha Kizungu, na chuo kizima kikasimama kwa kichwa. Nikawaonesha lile neno dogo liandikwalo peke yake chini ya ukurasa, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kwa neno hilo waandishi wa zamani walizuia karatasi zisipotezane. Vijana walikuwa wakiliona siku zote, wakidhani mwandishi alikuwa akijaribu kalamu.

Hilo lilitengenezwa saa ile ile. Lililonitia baridi ni maelezo yaliyofuatana na picha. Kila chuo kina fomu yake: lugha, mada, mwaka, na mengineyo. Hiki kiliandikwa: lugha, Kiarabu; mada, dua; mwaka, 1298. Ama mwaka, ulikuwa wa Hijria, lakini fomu haikusema hivyo, na kwa hivyo chuo kilichoandikwa karibu na mwaka 1881 wa Miladi kikapewa umri wa zaidi ya miaka 700. Ama lugha na mada, dua zilikuwamo kweli, katika kurasa za mwanzo. Baada ya hapo ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu: minazi iliyowekwa rehani, idadi yake, mipaka ya shamba, na majina ya mashahidi. Aliyejaza fomu alitazama ukurasa wa kwanza akahukumu chuo kizima. Simlaumu. Alipewa kamera na kompyuta, hakupewa mtu wa kumsomea.

Nathubutu kusema kwamba kosa la namna hii lina hatari kuliko mchwa. Chuo kilicholiwa, tunajua kimeliwa. Chuo kilichoandikiwa maelezo ya uongo kimo salama ndani ya kompyuta, na wala hakuna atakayekiona, kwa sababu mtafutaji wa mambo ya mashamba hatakifungua chuo kiitwacho dua, na mtafutaji wa Kiswahili hataletewa kilichoandikwa Kiarabu.

Wako watakaosema mashine zenyewe sasa zajifunza kusoma hati ya mkono. Kweli, zajifunza. Lakini mashine hujifunza kwa kupewa kwanza kurasa nyingi ambazo binadamu amekwisha kuzisoma sawasawa, na hati yetu si nyepesi. Waandishi wetu wa zamani, kwa herufi moja ya ba, waliandika b, p, mb na mp. Kwa fa waliandika f na v. Na kasra moja ikasimama badala ya i na e. Andika ba na ya, kisha ba na ya, upate bibi, au pembe, au pipi, kama upendavyo. Msomaji huijua njia kwa maana ya maneno yaliyotangulia na kwa kuijua lafudhi ya mji. Katika shairi, kosa hilo litaharibu kina. Katika karatasi ya rehani, shamba la bibi si shamba la pembe, na sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa ugomvi wa mashamba huzaa nini.

Wasomaji wa hati hiyo walikuwapo, na kazi yao imeonekana. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, aliishi London miaka mingi akiwasomea na kuwasahihishia wanachuoni wa SOAS miswada ya Kiswahili. Marehemu Ustadh Ahmad Sheikh Nabhany, aliyetutoka mwaka 2017, ndiye aliyetupa neno runinga, na nyumba yake ilikuwa haikosi mtafiti aliyekuja na karatasi isiyosomeka. Mwenyezi Mungu awarehemu. Walisomea kwetu, katika vyuo vyetu, na maarifa yao hayakutoka katika mashine yoyote. Waliobaki wa daraja yao ni wachache, na wengi ni wazee.

Sasa mzee kama huyo akiitwa makumbusho hupewa nini? Nauli na chai. Fundi wa kamera ana mkataba, msimamizi wa kompyuta ana mshahara, naye msomaji, ambaye bila yeye picha ni ukuta tu, huja kwa hisani. Nilipokwisha kumsahihishia kijana ile fomu aliniuliza, kwa adabu kabisa, aandike wapi kwamba mimi ndiye niliyesoma. Tukatafuta pamoja. Palikuwa na mahali pa jina la mpiga picha, aina ya kamera, na siku ya kazi. Pa msomaji hapakuwapo.

Liko na jambo la haki. Si kila kilichopigwa picha ni halali kutangazwa duniani. Ile rehani ina majina ya watu ambao wajukuu zao huenda tunasali nao safu moja. Viko vyuo vya wakfu, na mara nyingi mweka wakfu ameandika sharti lake katika ukurasa wa kwanza: kisiuzwe, kisitolewe mahali pake. Je, picha yake imetoka mahali pake au haikutoka? Mimi si mufti, swali hilo nawaachia masheikh. Lakini ni lazima liulizwe kabla ya kamera kuwashwa. Na panapohusika msahafu, awepo mwenye udhu wa kufunua kurasa, hata kama mpiga picha si Muislamu. Kazi haitachelewa kwa hilo.

Nani ashike nakala kubwa? Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vyuo vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini. Ilikuwa kheri kubwa, na vyuo vyenyewe vilibaki Lamu, kama ilivyostahili. Kisha Oktoba 2023 wezi wa mitandao wakaivamia Maktaba hiyo huko London, huduma zake za mtandao zikalala, na kuziinua kukachukua miezi mingi. Sisemi haya kwa kuwacheka. Yaliyowapata wao yaweza kumpata yeyote. Nasema kwamba asiye na nakala yake mwenyewe nyumbani, siku kama hiyo hana ila kungoja. Nakala kamili iwe mikononi mwa wenye vyuo, nyingine iwe katika makumbusho yetu, na ya tatu iende itakako.

Wala sisemi kompyuta haijatufaa. Kwa msaada wake makumbusho yetu ya taifa, pamoja na wenzao wa Kenya na Ujerumani, yaliweza kukusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Kwa miguu, orodha hiyo isingepatikana. Ila nayo hutegemea maelezo yaliyoandikwa na waliovichukua, na huko nako kunatakiwa wenyeji wa kusema hiki ni nini na jina lake ni nani.

Kwa hivyo nawaomba wakuu wa makumbusho wafanye jambo dogo. Watakapoandika tena bajeti ya kamera, msomaji wa hati aandikwe katika karatasi ile ile, kwa mshahara, na jina lake litiwe katika fomu. Kisha kila msomaji apewe vijana wawili wa kujifunza kwake, ili tusije tukamtafuta wa pili tukamkosa. Wazee hao hawahitaji kutangaziwa kazi magazetini. Lamu, Siyu na Mji wa Kale wa Mombasa, mkutano wao ni barazani baada ya Alasiri.

Chuo kile cha rehani bado hakijasomwa chote. Nimeahidi kurudi Jumatatu, na nimewaambia wale vijana nitakuja kwa sharti moja, wawili wao wakae kando yangu, kalamu mkononi.