Pompe Inayolia Isizoewe

Ndugu mfanyakazi, pompe unayoilinda chini ya mgodi inalia kama imemeza changarawe, nawe unasema: "Ni desturi yake." Mimi nakuambia: hiyo si desturi, ni ugonjwa.

Mara nyingi hamna changarawe humo, ni povu. Maji yanapopita mbio juu ya mabawa ya gurudumu la pompe, mgandamizo wake hupungua. Ukipungua sana, maji huchemka bila moto, yakatoa mapovu. Mapovu yakifika penye mgandamizo mkubwa hupasuka ghafula, na kila moja hupiga chuma kama nyundo ndogo. Mwaka 1917 Mwingereza Rayleigh alionyesha kwa hesabu jinsi pigo hilo linavyoweza kuwa kali. Chuma hutobokatoboka kama mti ulioliwa na mchwa.

Hewa iliyomo majini huharakisha ugonjwa huu: kila kipovu kidogo ni mbegu ya povu kubwa. Tena, Katanga yetu iko juu. Pwani ya bahari pompe haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya metre 10 hivi; Lubumbashi, penye metre 1.200 hivi, hata 9 haifiki.

Basi, mdomo wa bomba la kuvutia uzame vizuri majini. Safisha kichujio. Kaza viungo visivute hewa. Ukitaka kupunguza maji, funga kidogo upande wa kutoka, usifunge upande wa kuvuta. Ikiendelea kulia, mwambie kapita siku hiyo hiyo.

Wengine husema kusimamisha pompe kidogo ni kupoteza kazi. Wakumbuke Kipushi: mwaka 2011 pompe zilishindwa, maji yakapanda mpaka metre 850 hivi kutoka juu ya ardhi. Sababu ilikuwa nyingine, lakini maji hayaulizi sababu.

Na masikio je? Kelele ya desibeli 85, saa 8 kila siku, huyaua polepole, na dispensari haina dawa ya kuyafufua. Mama, mume wako akiongeza sauti ya redio kila juma, akiwauliza watoto "Mnasema nini?", mtume aje tumpime.

Vaa vizibo vya masikio, ndugu. Lakini kizibo hakiponyeshi pompe. Ponyesheni pompe kwanza, masikio nayo yatapumzika.