Gari ni chasisi, au ni huruma ya ofisa?

Makamanda, fundi akifufua Land Rover 109 kwa chasisi ya gari moja, injini ya jingine na bodi ya tatu, kisheria hiyo ni gari ipi?

Uingereza kwa miaka mingi walijibu kwa hesabu: chasisi pointi 5, giaboksi 2, usukani 2, injini 1 tu! Zikifika 8, chasisi halisi ikiwemo, namba inabaki.

Kwetu kadi inabeba namba ya chasisi na ya injini. Sawa, wezi wapo, na namba hugongwa upya. Lakini ndo maana tunadai vigezo vilivyoandikwa, siyo busara za mtu wa dirishani zinazolainishwa na bahasha. Wizara ichapishe vigezo. Na ofisa akikataa, aandike sababu, fundi akate rufaa.