Tamko la Wafugaji wa Endarasha Kuhusu Usugu wa Bakteria Katika Samadi, Udongo na Maji

Sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa viazi, kabeji na vitunguu wa Endarasha, Kieni Magharibi, Kaunti ya Nyeri, tumekutana, tumejadiliana na tumekubaliana kutoa tamko hili. Tunawaelekea wafugaji wenzetu, wenye agroveti, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, wanunuzi wa maziwa, Serikali ya Kaunti na Serikali ya Kitaifa.

Tunatamka kwamba sindano ya kuua bakteria anayodungwa ng'ombe wa mtu mmoja inatuhusu sote. Sehemu kubwa ya dawa nyingi za aina hii hutoka mwilini mwa mnyama kwa mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Huingia shambani pamoja na samadi, na mvua kubwa ikinyesha huteremka hadi mferejini na mtoni. Kila inapopita hukuta bakteria ambao hawakuwa wamemsababishia ugonjwa mtu wala mnyama. Walio dhaifu hufa, wenye kinga hubaki na kuzaana. Mwenye ng'ombe anadhani amemaliza matibabu siku ng'ombe aliposimama akala, kumbe dawa yake ingali kazini kwa jirani.

Ni haki tuseme pia kwamba usugu haukuanzia kwetu. Dawa nyingi tunazozijua zilitoka udongoni. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman kule Marekani, ilipatikana kwa kiumbe kidogo kinachoishi kwenye udongo. Viumbe hao wamekuwa wakipigana kwa sumu na kujikinga nazo tangu zamani mno. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamekuta jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii ya penisilini na tetrasaiklini katika udongo ulioganda kwa barafu kule Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000. Wakati huo hapakuwa na duka la dawa popote duniani. Kwa hiyo mbegu ya usugu imo hata katika udongo wetu, na kosa la kizazi chetu ni kuipalilia.

Tunaomba kila mfugaji aelewe jinsi usugu unavyopatikana, kwa sababu asiyeelewa hataona maana ya masharti tunayoyaweka hapa chini. Bakteria hujigawa ili kuzaana, na baadhi yao, wakipata joto na chakula, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria anaponakili jeni zake mara nyingi namna hiyo, makosa hutokea, na kosa moja huweza kumpa kinga: akaanza kuitapika dawa, kuivunja, au kubadilisha pale mahali dawa inapomshika. Hiyo ni njia ya kwanza, na peke yake ingekwenda polepole.

Njia ya pili ndiyo inayotutia hofu. Bakteria anaweza kupokea jeni iliyo tayari kutoka kwa mwenzake, hata asiye wa aina yake. Wengi hubeba, kando ya kromosomu yao, viduara vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Wawili wakigusana, mmoja humpa mwingine nakala ya plasmidi naye akabaki na yake. Wapo wanaookota vipande vya DNA vilivyoachwa na bakteria waliokufa, na wapo wanaoletewa na virusi wanaoshambulia bakteria. Plasmidi moja huweza kubeba kinga dhidi ya dawa tatu, nne au zaidi, na ukitumia moja tu ya dawa hizo, umezilinda kinga zote kwa pamoja. Sasa fikirieni rundo la samadi mbichi: bakteria wasiohesabika waliotoka tumboni, mabaki ya dawa, unyevu na joto, vyote mahali pamoja, kisha koleo moja linalipeleka kwenye shamba la kabeji lililo juu ya mfereji.

Jambo hili si la vitabuni. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Japani walikuta wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao walistahimili dawa kadhaa kwa mpigo, na wanasayansi wa huko wakaonyesha kwamba usugu ule ulihama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hapa Kenya, homa ya matumbo iliyozuka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, dawa za bei nafuu zilizokuwa tegemeo la zahanati. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, akiwemo Profesa Samuel Kariuki, walionyesha kwamba usugu huo ulibebwa kwenye plasmidi. Na mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta, kwa nguruwe na kwa watu, plasmidi yenye jeni ya kushinda kolistini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa nyingine. China yenyewe ilikuwa ikiwalisha nguruwe kolistini ili wanenepe, na ikaacha kufanya hivyo mwaka 2017. Makadirio ya kimataifa yanasema kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliwaua moja kwa moja watu milioni 1.27.

Hatumlaumu mfugaji wa Endarasha kana kwamba alichagua hali hii. Wazee wetu wanakumbuka daktari wa serikali akija bomani kwa ada ndogo. Huduma hiyo ilikatwa na kuachiwa watu binafsi serikali ilipopunguza matumizi yake kuelekea miaka ya 1990, na tangu ugatuzi wa 2013 imekuwa jukumu la kaunti. Ng'ombe akiacha kula jioni, kilicho karibu ni agroveti. Mama anakwenda na mia chache, anaeleza dalili, anarudi na chupa na sindano. Anadunga kiasi anachoweza kumudu, siku moja au mbili, kisha anaacha. Pengine ugonjwa wenyewe ni ndigana kali, inayoletwa na kimelea cha kupe, au ugonjwa wa miguu na midomo, unaoletwa na virusi. Penisilini haiui kimelea hicho wala kirusi hicho. Hela zimekwenda, ng'ombe hajapona, na bakteria wa tumboni mwake wamepata funzo.

Kwa hiyo tumejifunga kwa haya. Hakuna mmoja wetu atakayedunga ng'ombe dawa ya bakteria kabla mnyama hajaonwa na daktari au msaidizi wake aliyesajiliwa, na dawa ikianzwa itamalizwa kwa kipimo na siku alizoagiza. Kwa kuwa ugonjwa wa kiwele ndio unaokula dawa nyingi zaidi katika maboma yetu, tutaanza na usafi: mikono na kiwele vioshwe, chuchu zichovywe dawa baada ya kukamua, na ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Mifugo itachanjwa na kuogeshwa kwa wakati, maana ugonjwa uliozuiwa hauhitaji sindano.

Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayatauzwa wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Na hapa tunakataza jambo ambalo wengi wetu tumelichukulia kuwa la busara: maziwa hayo hayatapewa ndama. Ndama anayeyanywa anapata dawa kidogo kidogo kila siku, na tumbo lake linakuwa mahali pa kulea bakteria sugu. Yatamwagwa kwenye shimo la samadi lililo mbali na maji.

Samadi nayo itarundikwa, itafunikwa na kugeuzwa mpaka iive. Rundo lililotengenezwa vizuri hupanda joto kupita nyuzi 55, na likikaa hivyo kwa siku kadhaa bakteria wengi wa tumboni hufa. Hilo haliondoi jeni zote za usugu, lakini linazipunguza. Samadi mbichi haitawekwa kwenye mboga, wala chupa za dawa na sindano hazitaoshwa au kutupwa mferejini. Kieni ni nchi kavu. Maji yanayoteremka kutoka Nyandarua tunayanyweshea mifugo na mashamba, na wa chini yetu wanayanywa.

Kwa Serikali ya Kaunti, tunadai daktari wa mifugo anayefikika Endarasha kwa ada ambayo mwenye ng'ombe wawili anaweza kuilipa. Tunadai pia sampuli za maziwa, samadi na maji zichukuliwe hapa mara kwa mara, zipelekwe maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Karatina, na majibu yaletwe kwetu kwa lugha tunayoielewa. Kwa Serikali ya Kitaifa, iliyotoa sera ya kupambana na usugu mwaka 2017, tunasema sera hiyo haijafika mpaka Kurugenzi ya Dawa za Mifugo ikague rafu za agroveti za vijijini na kuondoa dawa hafifu. Wanunuzi wa maziwa wapime mabaki ya dawa katika kila kituo, na bei ya maziwa safi izidi ya yale yasiyopimwa. Anayemwaga maziwa ya siku kadhaa kwa ajili ya afya ya wengine anabeba hasara ambayo si yake peke yake.

Kwa wenye agroveti, ambao ni majirani na jamaa zetu: msiuze dawa ya bakteria bila cheti cha daktari, hata mteja akilalamika, hata akitishia kwenda duka la pili. Atakayeshika msimamo huo, sisi tutanunua kwake chumvi, lishe, mbegu na dawa za kupe, na tutawaambia wengine wafanye vivyo hivyo.

Limetolewa na wafugaji na wakulima wa Endarasha, Kaunti ya Nyeri.