Waingereza Walitoka, Sisi Tutoke Twende Wapi?

Kila uchaguzi mkuu unapotuacha na kinyongo, Ukambani huzuka watu wanaoitaja Uingereza kana kwamba iko ng'ambo ya mto Athi. Wenzetu hawakuutaka Umoja wa Ulaya, wanasema, wakapiga kura, wakatoka. Na sisi tupige kura tutoke. Kuna na wengine wanaoitumia kura hiyohiyo kututia hofu: oneni yaliyowapata, nyamazeni, msiulizwe neno. Maneno haya nimeyasikia sokoni Kalundu, nimeyasikia Wote, na ukifungua redio ya Kikamba asubuhi hukosi mpigaji simu mmoja wa kuyarudia. Nayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa kupita tu.

Nianze na jepesi. Eti Waingereza walilala wakiwa ndani, wakaamka wakiwa nje. Kura ilipigwa tarehe 23 Juni 2016, na waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Nchi ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, tena ikaendelea kufuata sheria nyingi za Ulaya hadi mwisho wa mwaka huo. Katikati hapo Waziri Mkuu David Cameron alijiuzulu, Theresa May akaingia akashindwa kupitisha mkataba wake bungeni mara tatu, akamwachia Boris Johnson. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka. Mpaka wa Ireland utakuwaje, wavuvi watavua wapi, wageni walioishi humo miaka ishirini watafanywa nini, hayo hayakuwamo. Yalijibiwa baadaye, na watu wengine, katika vyumba ambavyo mpiga kura hakuwamo.

Sasa twende kwenye dai lenyewe: kilichowezekana kwao kinawezekana kwetu.

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Uingereza ilikuwa dola kamili iliyojiunga na chama cha madola, na mkataba wa chama hicho ulikuwa na kifungu cha 50 kinachoeleza namna ya kutoka. Kitui si dola iliyojiunga na Kenya kwa mkataba. Ukitaka mfano wa Kitui ndani ya Uingereza, usiitazame London, itazame Scotland. Waskoti walipiga kura yao Septemba 2014, asilimia 55 wakakataa kujitenga, na waliotaka kuulizwa tena waliambiwa na Mahakama ya Juu mwezi Novemba 2022 kwamba bunge lao haliwezi kuitisha kura hiyo bila ruhusa ya London. Waingereza haohao tunaowasifu kwa kutoka hawakuwapa wenzao mlango wa kutokea mara ya pili.

Kwetu mlango upo kwenye karatasi, ila tazama ulivyojengwa. Katiba ya 2010, ibara ya 255, inasema badiliko lolote linalogusa eneo la Kenya sharti lipelekwe kwenye kura ya maoni. Wanaopiga kura hiyo ni Wakenya wote. Mkulima wa Nyeri, mvuvi wa Lamu na mfanyabiashara wa Eastleigh wote wataulizwa kama Makueni iende. Tena katika angalau nusu ya kaunti sharti wajitokeze asilimia 20 ya waliojiandikisha. Mwaka 2019 sensa ilituhesabu Kitui watu milioni 1.1 na Makueni pungufu kidogo ya milioni moja, katika nchi ya watu milioni 47.6. Na anayedhani njia ya kukusanya sahihi ni nyepesi akumbuke BBI, ule mpango wa kubadili Katiba: ilikuwa na Rais wa wakati huo, ilikuwa na Raila Odinga, ilipitishwa na zaidi ya mabunge 40 ya kaunti, na bado Mahakama ya Juu ikaizika Machi 2022.

Mwaka 2017 tuliliona jambo hili likichipuka. Uchaguzi wa Agosti ulifutwa, ule wa marudio wa Oktoba 26 muungano wa upinzani, NASA, ukaususia, na simu zikajaa ramani za Kenya iliyokatwa vipande viwili. Ukambani tulipakwa rangi ya upande wa kuondoka. Sikumbuki nani alikuja Mwingi au Kibwezi kutuuliza rangi tuitakayo. Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Town, aliandaa hadi mswada wa kuigawa nchi. Kisha tarehe 9 Machi 2018 Raila na Uhuru Kenyatta wakapeana mikono mbele ya Harambee House, na ramani zikapotea kwenye simu kama zilivyoingia. Waliochorwa hawakuulizwa wakati wa kuchorwa wala wakati wa kufutwa.

Ajabu ni kwamba tunaenda kutafuta mfano Ulaya ilhali kura kubwa ya kujitenga katika Afrika ya leo iliandaliwa hapa kwetu. Tarehe 20 Julai 2002, mjini Machakos, mbele ya msuluhishi Jenerali Lazaro Sumbeiywo, serikali ya Sudan na waasi wa kusini, SPLM, walitia sahihi itifaki iliyowapa watu wa kusini haki ya kuamua baada ya kipindi cha miaka sita. Januari 2011 waliamua, zaidi ya asilimia 98 wakitaka kutoka. Hakuna aliyeweza kusema kura ile ilikuwa na utata. Lakini mafuta yalibaki kusini na bomba likabaki kaskazini, na mwanzoni mwa 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe kwa ugomvi wa ada ya kupitisha mafuta. Eneo la mpakani la Abyei halikupata mwenyewe. Desemba 2013 waliotoka pamoja wakaanza kupigana wao kwa wao. Sisemi Wasudani Kusini walikosea kutoka. Waliyoyapitia mikononi mwa Khartoum wanayajua wao. Nasema asilimia 98 haikuwapa bomba.

Na sisi bomba letu ni la maji. Emali na Sultan Hamud wanakunywa maji ya Nolturesh, yanayotoka chini ya Kilimanjaro upande wa Kajiado. Kila kiangazi yakipungua, watu wa huku huwatazama watu wa juu kwa jicho baya, na hapo sote tuko nchi moja, tukiwa na wizara moja na mahakama moja ya kutusikiliza. Mpaka wa Kitui na Tana River nao una damu yake: ngamia huingia mashambani upande wa Mwingi, mazao huliwa, mishale na bunduki hutolewa. Wanaotaka mpaka huo uwe wa kimataifa waende kwanza wakalale Ngomeni wakati wa ukame.

Hapo ndipo mtu hukuambia: tuna makaa ya mawe Mui, tuna reli, tuna barabara ya Mombasa, tunajitosheleza. Makaa ya Mui yamezungumzwa tangu nikiwa kijana. Kampuni ya Kichina ya Fenxi ilipewa vitalu, wakazi wakaishi miaka wakisubiri fidia bila kujua wapande miti ya matunda au wasipande. Utajiri uliomo ardhini haulipi mshahara wa muuguzi wa Mutomo mwezi huu. Unaoulipa ni mgao kutoka Nairobi: katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Kitui ilitengewa zaidi ya shilingi bilioni 10 na Makueni zaidi ya bilioni 8. Kinachokusanywa na kaunti zenyewe, kuanzia ada ya soko hadi maegesho, ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Na reli ile inapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali kwa sababu inaunganisha Mombasa na Nairobi. Haikuletwa kwa ajili yetu.

Dai la nne linatoka kwa wakulima, na hili nalisikiliza kwa heshima zaidi kwa kuwa linatoka kwa watu waliopata hasara. Wanasema Brexit ndiyo iliyoharibu soko la maembe yetu Ulaya. Tarehe zinakataa. Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, miaka miwili kabla ya kura ya Waingereza, na aliyesababisha ni nzi wa matunda. Ingia shamba la embe la apple huko Makueni msimu unapokaribia utamwona adui alivyo: mtego wa plastiki unaning'inia kwenye tawi, ndani yake mizoga midogo ya rangi ya kahawia imelundikana, na chini ya mti maembe yaliyoanguka yanaokotwa na kufukiwa kabla mabuu hayajatoka kuingia udongoni. Embe moja lenye funza likikutwa Rotterdam linatosha kurudisha shehena nzima. Soko hilo lilifunguliwa tena 2021 baada ya kazi hii ya mitego na kufukia, na Makueni ilikuwa mstari wa mbele. Wakati wote huo dalali alikuja na lori lake, akahesabu maembe kwa kipande na kutaja bei anayotaka. Huyo hajawahi kupigiwa kura.

Kuna chembe ya ukweli ndani ya dai hilo hata hivyo. Kura ya Waingereza ilitutikisa kupitia mlango wa jirani. Julai 2016 Tanzania ilikataa kutia sahihi mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, na Brexit ikawa moja ya sababu ilizotaja. Wenzetu katika jumuiya, kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, walikuwa na njia nyingine ya kuingiza bidhaa bila ushuru. Kenya haikuwa nayo. Ikabidi tutafute mikataba yetu: na London tulitia sahihi tarehe 8 Desemba 2020, wiki chache kabla ya muda wa mpito kwisha, na Ulaya tukamalizana tarehe 18 Desemba 2023. Kazi ya makarani, miaka saba.

Eti na Jumuiya ya Afrika Mashariki itasambaratika vilevile kwa kura? Ile ya kwanza ilikufa 1977 bila mwananchi hata mmoja kuulizwa. Hii ya sasa, ibara ya 145 ya mkataba wake inataka theluthi mbili ya wabunge na notisi ya miezi kumi na miwili. Mwananchi hatajwi.

Limebaki dai la wanaotutisha: kwamba Waingereza walijuta kesho yake, wakaanza kuuliza Google Umoja wa Ulaya ni kitu gani, kwa hiyo watu wa kawaida wasiulizwe mambo makubwa. Swali lile lilipanda kweli kwenye orodha ya Google, lakini orodha hiyo hupima kasi ya kupanda, haihesabu vichwa wala kusema aliyeuliza alipiga kura gani. Na Desemba 2019, baada ya miaka mitatu ya mizozo, wapiga kura walimpa Boris Johnson viti 365 kwa ahadi ya kumaliza kutoka.

Na sisi tusiambiwe hatujui tunachopigia kura. Ukambani ilisema La kwa rasimu ya 2005. Tarehe 4 Agosti 2010 wengi wetu tukasema La tena, tukashika nyekundu dhidi ya kijani ya Ndiyo, na kijani ikashinda nchi nzima kwa zaidi ya theluthi mbili. Hatukuondoka. Miaka minne baadaye, bunge la kaunti ya Makueni na Gavana Kivutha Kibwana walipogombana hadi risasi zikalia kwenye makao ya bunge Wote, Septemba 2014, wakazi wa Makueni waliifungua Katiba ileile waliyoikataa, wakasoma ibara ya 192 na kuzunguka wakikusanya sahihi serikali yao ya kaunti isimamishwe. Tume ya Mohammed Nyaoga ilikaa, ikasikiliza, ikakubaliana nao. Rais Kenyatta akakataa mwaka 2015. Watu wakangoja Agosti 2017, wakapanga foleni, na kwenye karatasi ya ugavana wakamrudisha Kibwana.